Mpiga Nzumari Asinunue Jina la Mtambo

Mtu anayetaka kununua jahazi huuliza kwanza atapita maji gani na atachukua shehena gani. Rangi ya tanga huja mwisho. Hekima hii yajulikana na kila mtu wa pwani, lakini naona yatutoka mara tu tuingiapo katika maduka ya mitambo ya sauti. Huko twauliza jina, twauliza ni msanii gani maarufu autumiaye mtambo ule, kisha twatoka na mzigo usiotufaa na mfuko mtupu.

Yaliyonisukuma kuandika haya ni ujumbe mrefu nilioletewa na kijana mmoja wa Kidigo, mzaliwa wa Kwale, ambaye riziki imempeleka hadi Kikopey. Kwa wasiopajua, Kikopey ni kituo kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, karibu na ziwa Elmenteita. Ni mahali mashuhuri kwa nyama ya kuchoma. Mabasi, malori na magari ya matajiri yote husimama hapo. Kijana wetu yuko jikoni, anachoma na kukata nyama. Lakini sandukuni mwake ana nzumari aliyofundishwa na mjomba wake, na jioni zinapompa nafasi huipiga.

Aliniandikia hivi, baada ya shikamoo na kuuliza hali: “Maalim, nimeweka akiba ya shilingi 25,000. Nataka kunasa sauti ya nzumari yangu hapa ninapoishi, na nikipata likizo nimnase na mjomba, kwa kuwa ni mtu mzima na afya yake si ile. Muuza duka mmoja wa Nairobi ameniambia kwamba bila maikrofoni ya studio, kisanduku cha kuiunganisha, kompyuta na spika mbili kubwa, nitapoteza wakati. Hesabu yake yapita mara tano ya akiba yangu. Je, nikope?”

Jawabu langu ni kwamba asikope. Na kwa kuwa najua wako wengi wenye swali kama hili, wapigao filimbi, chivoti, zumari ya goma la Lamu, hata klarineti na saksafoni, naona ni kheri nilijibu hapa hadharani.

Kwanza tuijue ala yenyewe. Nzumari ina ulimi pacha wa jani kavu unaotetema mdomoni mwa mpigaji. Ni ndugu wa zurna ya Waturuki na shehnai ya Wahindi, na jina lake latokana na Kiarabu, mizmar. Iliundwa isikike uwanjani, juu ya ngoma na vigelegele, katika sengenya na chakacha. Ina nguvu nyingi. Kwa hiyo mpigaji wake hahitaji maikrofoni nyepesi ya kudaka minong’ono, ambayo ndiyo sifa kubwa ya zile za bei ya juu. Anahitaji chombo kitakachostahimili ukali wa nzumari bila ya sauti kukwaruza.

Pili, tujue sauti yatokea wapi. Nimewaona watu wakiitia maikrofoni karibu kabisa na mdomo wa chini wa nzumari, kama kwamba ni tarumbeta. Hilo si sawa. Katika tarumbeta sauti hutoka mdomoni mwake, lakini katika ala zenye matundu, kila tundu lililo wazi hutoa sehemu yake. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa makharija ya herufi: hii yatoka kooni, hii ncha ya ulimi, hii midomoni. Anayesikiliza midomo peke yake hakupata kisomo. Basi na nzumari ni vivyo hivyo. Ukiweka chombo mdomoni mwake, noti moja itapiga kelele na nyingine itafifia. Kiweke umbali wa kama mita moja, usawa wa kifua, kielekee katikati ya mti wenye matundu. Ukisikia pumzi na vidole kupita kiasi, kirudishe nyuma kidogo. Ukisikia chumba kuliko ala, kisogeze mbele. Marekebisho haya hayana gharama, nayo hubadilisha sauti kuliko tofauti ya maikrofoni ya dola 100 na ile ya dola 500.

Tatu ni mahali, na hapa Kikopey ina mitihani yake. Barabara ile ndiyo njia ya malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo, nayo hailali. Vyumba vingi vya kupanga kando ya njia kama ile ni vya mawe na mabati, na chumba kitupu cha namna hiyo hurudisha sauti kama kisima. Kijana ameshauriwa pia abandike trei za mayai ukutani. Aziache dukani. Trei za mayai hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba kidogo tu, haziuzuii mngurumo wa lori hata chembe. Blanketi mbili nzito zilizotundikwa nyuma yake na ubavuni, godoro lililosimamishwa ukutani na nguo zilizoning’inizwa zitafanya kazi kubwa zaidi. Kisha achague saa ambayo magari yamepungua, au siku ya mapumziko aiache barabara na kushuka upande wa ziwa, akae nyuma ya kilima au jengo linalokinga upepo na njia.

Tena akumbuke kwamba umbali ni silaha. Chombo kikikaribia ala kwa nusu ya umbali wa awali, sauti ya nzumari humo huongezeka maradufu, na lile lori la mbali libaki vile vile. Basi penye kelele asogee karibu, penye utulivu ajitenge. Huo ndio ufundi wa watu wa mitambo, hata wale wa studio kubwa.

Jambo la nne ni baridi. Kikopey iko juu sana kuliko kwetu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Sauti husafiri polepole zaidi katika hewa baridi. Penye joto la nyuzi 30, kama Mombasa mchana, huenda mita 349 hivi kwa sekunde. Penye nyuzi 12, asubuhi ya Bonde la Ufa, huenda mita 338 hivi. Kwa hiyo ala ile ile hushuka sauti. Pumzi ya mpigaji huipasha moto, lakini si papo hapo. Apige dakika kumi kabla hajafungua chombo, na ulimi wa nzumari aulowanishe vyema kwa kuwa hewa ya huko huukausha upesi. Wako wanaodhani wamenunua chombo kibaya, kumbe nzumari haijapata joto.

Sasa tuje kwenye mtambo. Akianza kesho, aanze na simu aliyo nayo. Simu za leo zina maikrofoni zinazofaa. Tatizo lake ni kwamba zimetengenezwa kwa maneno ya mtu. Nyingi hupandisha na kuteremsha sauti zenyewe bila kuulizwa, na nyingine hudhani kwamba sauti ndefu isiyokatika ni kelele ya feni, kisha huifuta. Na mpiga nzumari hodari ndiye huyo anayejaza hewa mashavuni akavuta sauti moja bila kukata! Atafute programu ya kunasa ambayo itamruhusu kuzima marekebisho hayo na kuhifadhi faili za WAV zisizobanwa. Wala asiutume wimbo kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu hapo hubanwa kwa kipimo cha mazungumzo. Autume kama hati.

Lakini kwa akiba ya 25,000 ninamshauri anunue kinasa-sauti kidogo cha mkononi chenye maikrofoni zake mwenyewe. Viko vya Zoom na vya Tascam, na vile vya daraja ya kwanza huuzwa kama dola 100 huko ng’ambo, yaani shilingi 13,000 hivi kabla ya ushuru na faida ya muuza duka. Huendeshwa kwa betri ndogo za kawaida. Humo atanasa WAV, atarekebisha nguvu ya sauti kwa mkono, na atatia kadi ya kumbukumbu. Kadi ya gigabaiti 32 huchukua takriban saa 50 kwa ubora ule ule wa santuri za CD. Vipya vingine, tangu mwaka 2024, hunasa kwa biti 32 za kuelea, ambapo mnasaji hana haja ya kupima nguvu kabla, ingawa maikrofoni yenyewe bado ina mpaka wake na haifai kukaribishwa mno.

Ikiwa ni cha namna ya kawaida, apige kwanza ile sehemu kali kuliko zote za wimbo, kisha ateremshe kipimo mpaka taa nyekundu isiwake kabisa, na aache nafasi juu yake. Sauti iliyonaswa chini yaweza kupandishwa baadaye kwa programu ya bure kama Audacity. Sauti iliyokwisha kukwaruza haina dawa.

Fedha itakayobaki igawanywe hivi: kofia ya manyoya ya kukinga upepo, ambayo kule bondeni ni lazima na si pambo, kigoda cha miguu mitatu cha kamera, kwa kuwa vinasa vingi hivyo vina tundu la skrubu yake, hedifoni za waya zinazofunika sikio, ili asikie alichonasa hasa, na kadi mbili badala ya moja. Spika kubwa za nini? Ataziweka wapi katika chumba cha hatua nne?

Sisemi kwamba aliyomwambia yule muuza duka ni uongo. Mtambo ule ni mzuri kwa mwenye chumba kimya, umeme usiokatika na kompyuta. Hata mwenye kompyuta tayari aweza kushika njia ya kati: maikrofoni ya aina isiyohitaji umeme, ngumu, isiyodaka mambo ya mbali, pamoja na kisanduku kidogo cha kuiunganisha. Shure SM57, inayouzwa tangu mwaka 1965, ni ya namna hiyo, na ziko za kampuni nyingine za dola 20 tu zinazofanya kazi ya heshima. Ila ajihadhari, kwani ile yenye jina ndiyo yenye bandia nyingi masokoni. Rahisi ya bandia huwa ghali.

Nimechagua kinasa cha mkononi kwa sababu moja kubwa, nayo imo ndani ya ujumbe wake mwenyewe: mjomba. Kompyuta, kisanduku na spika haziendi Kwale kwa basi na kuketi chini ya mwembe. Kinasa cha betri chaingia mfukoni. Kijana ana safari mbili, ya Kikopey na ya Kwale, na ya pili ina haraka zaidi. Chombo kisichoweza kumfikia mjomba si chombo chake, hata kikiwa cha dhahabu.

Hapa ndipo penye uzito wa neno langu. Karibu na Kikopey pana Kariandusi, ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale, wa miaka mamia ya maelfu iliyopita, yamehifadhiwa mpaka leo na wageni huenda kuyatazama. Jiwe hujihifadhi. Sauti haiachi jiwe. Mzee akifariki na nyimbo arobaini kifuani, hapana mchimbaji atakayezifukua.

Na zamani tulikuwa na udhuru. Mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti yake iingie katika santuri. Mashine ilikuwa huko, mwimbaji huku. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mzaliwa wa Uingereza, alipita Kenya na mitambo yake akanasa nyimbo za Wakipsigis, ukiwamo ule unaojulikana kwa jina la Chemirocha. Alifanya kazi kubwa, na bila yeye zisingekuwapo. Lakini zilikaa katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na nakala ziliwarudia wenyewe baada ya zaidi ya miaka 60. Wengi waliopiga na kuimba siku ile hawakuwahi kujisikia.

Kisha ikaja kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, na sisi tuliokulia Mombasa twajua ilivyofanya. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kunasa harusi ya jirani. Mashairi ya kina Juma Bhalo na Maulidi Juma yaliingia kila nyumba kwa njia hiyo. Taarab ilinufaika kwa kuwa ilikuwa na wanunuzi. Nzumari haikupata bahati hiyo. Ilionekana ni ala ya uwanjani, ya kusindikiza bwana harusi na kuchezewa, si ya kuketi na kusikilizwa. Leo katika harusi nyingi hata pale uwanjani imeondolewa, na kinanda cha umeme chabofywa kitoe mfano wa sauti yake. Mwenye kubofya hana kosa, atafuta riziki. Lakini kinanda kile hakijui kuteleza baina ya noti na noti kama mdomo wa mzee ajuavyo. Vijana watakaosikia mfano tu wataudhani ndio asili.

Wako watakaoniambia: nzumari ni ya harusi, kwa nini kuitia katika mitambo? Nawakumbusha Bismillah Khan wa Uhindini. Shehnai nayo ilikuwa ala ya harusi na ya milangoni. Yeye aliipiga hata Ngome Nyekundu ya Delhi wakati wa uhuru wa mwaka 1947, na hadi alipofariki mwaka 2006 alikuwa ameisikizisha dunia nzima kwa redio na santuri. Ala ni ile ile, heshima ndiyo iliyobadilika, na mitambo ya kunasa ilisaidia. Wako pia masheikh wanaozikataa ala za pumzi na wako wanaozipa ruhusa kwa mipaka. Suala hilo lina wenyewe, nami si mmoja wao. Nasema tu kwamba aliyekwisha kupiga nzumari miaka hamsini ana elimu, na elimu haipotezwi kwa uzembe.

Wengine watasema: aende studio mjini Nakuru alipe kwa saa. Akitaka wimbo mmoja wa kuuza, na aende. Lakini katika studio saa inakwenda na fedha inakwenda. Mara nyingi atapewa mdundo wa mashine masikioni aufuate, na huo haumsubiri mtu. Nyimbo za mjomba zina mahali pa kungoja mchezaji, mahali pa kuharakisha. Hazitaki kuharakishwa na bei ya saa. Nyumbani mtu hurudia mara kumi, hunywa chai, hukumbuka wimbo wa kumi na moja uliosahauliwa tangu alipokuwa kijana. Huo wa kumi na moja ndio tunaoutafuta.

Basi akifika Kwale, kijana wangu afanye mambo manne. Kwanza amwombe mjomba idhini, na amweleze sauti itakwenda wapi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, lakini kabla ya sheria kuna adabu. Pili, kila wimbo uanze kwa maneno: jina la mpigaji, mahali, tarehe, jina la wimbo, ngoma yake, na nani alimfundisha. Faili lisilo jina ni kaburi lisilo kibao. Tatu, anase mara mbili, nzumari peke yake na nzumari pamoja na ngoma, kwani anayejifunza huhitaji ya kwanza na anayecheza hujua ya pili. Nne, usiku ule ule atoe nakala: moja ibaki kwenye kadi, moja kwenye kifaa kingine, na moja aiache kwa jamaa pale pale Kwale. Wenyewe wasingoje miaka 60.

Na wewe msomaji ambaye hupigi nzumari, huenda unaye babu mpiga zumari Lamu, au ami yako hodari wa kasida, au bibi mwenye nyimbo za unyago asizoimba mbele ya watu. Simu unayo mkononi, na mwezi ujao huenda wasiweze tena. Usingoje mpaka uwe na mtambo wa fahari. Funga dirisha, tundika blanketi, sogea hatua moja, na uwaombe waanze.